Udongo wa Chumvi Chini ya Bawa

Ndege ya Daktari Stephano ilikutwa imeinamisha pua katika shamba la mihogo, mwisho wa kiwanja cha Kibiti, saa mbili na nusu asubuhi, Jumapili moja ya Oktoba 1994. Daktari mwenyewe alikuwa amekaa kwenye tuta, shati limelowa jasho, akisema "Asante Mungu, asante" kwa kila aliyefika, hata kwa mbuzi.

Hakuwa rubani wa ajira. Alikuwa daktari wa meno Dar es Salaam. Biashara zilipofunguliwa, wenzake walinunua mabasi madogo. Yeye alinunua kindege chakavu cha viti vinne, cha kujifurahisha tu. Kila mwisho wa wiki alitua Kibiti, akang'oa meno ya watu bure, kisha Jumapili akarudi kwake. Wenzake walimwona hamnazo. Kibiti walimpenda.

Sajenti Elinipendo, Mpare mwenye mimba ya miezi saba, alifika kwa miguu huku akitafuna udongo, ule wa vipande wanaouza sokoni kwa wajawazito. Wajawazito wote hula, lakini yeye alikuwa amezidisha.

"Pole, daktari. Imekuwaje?"

"Nilikuwa mbioni kuruka, mbuzi akakatiza mbele. Macho yangu yote nje. Nilipotazama ndani, nimeshaiacha ardhi na sindano ya mwendo imelala kwenye sifuri."

"Sindano ikilala, ndege inaanguka?"

"Haianguki. Ila hujui unakwenda kasi gani. Ukipunguza mno, inakudondosha. Ukizidisha, unapitiliza kiwanja. Mwalimu wangu aliniambia, sindano ikifa sikiliza injini, tazama pua ya ndege, na usiwe na papara. Nikazunguka, nikatua kwa masikio. Nimepitiliza, lakini nakunywa chai leo. Namshukuru yule mzee popote alipo."

Chini ya bawa palikuwa na kibomba chembamba. Humo huingia upepo unaoamsha ile sindano. Sajenti alichokonoa kwa pini ya nywele. Kikatoka kipande cha udongo wa kijivu, kimeshindiliwa ndani kabisa.

"Nyigu hao," alisema Huseni, bwana misitu, aliyekuwa amesimama nyuma yao. "Hujenga kila penye tundu."

Huseni alikuwa aruke na daktari asubuhi ile, wakaitazame mikoko ya Delta, mto unapoingia baharini, kutoka juu na kuipiga picha. Dakika ya mwisho tumbo lilimkata, akabaki chini. Watu walikuwa wakimpongeza kwa bahati yake.

Mkuu wa kituo hakuwa na subira ya kuchunguza nyigu. Kufika saa nne, Mfaume, mlinzi wa kiwanja, alikuwa mahabusu. Gari la kumpeleka Utete, wilayani, lingefika saa tisa, na mtu wa miaka sitini akishaingia rumande kwa kosa la kutaka kuua, kutoka kwake ni majaliwa. Mkewe, Tatu, alikaa nje ya kituo.

"Mzee Mfaume," Sajenti aliuliza, "usiku kibomba kinavikwa nini?"

"Kifuko cha turubai, afande. Nakifunga jioni, asubuhi nakivua mbele ya daktari na kumkabidhi. Ndivyo alivyonifundisha. Leo pia nimefanya hivyo."

"Uliondoka uwanjani?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Alfajiri nilikwenda msikitini. Tatu hunambia, sali hapohapo kwenye lindo lako. Mie napenda sala ya jamaa, afande. Ndilo kosa langu."

"Siku daktari anakufundisha, nani mwingine alisikia?"

"Tulikuwa watatu. Mie, bwana misitu, na Mrisho wa boriti."

Basi nyigu wakafutwa kwenye orodha, maana hakuna nyigu anayefungua kifuko, akajenga, kisha akakifunga tena. Sajenti alirudi mezani kwake, akakitazama kile kipande cha kijivu. Mate yakamjaa. Akajizuia, akashindwa, akamega chembe na kuiweka ulimini.

Chumvi!

Udongo wa Kibiti ni wa mchanga na hauna chumvi. Aliujua vizuri kuliko alivyotaka kukiri. Huu ulikuwa tope la mikokoni, lililokolea maji ya bahari.

Mrisho aliuza boriti za mikoko, kwa hiyo alifuatwa kwanza. Alikutwa nyumba ya wageni, shavu limevimba kama andazi.

"Jana daktari kaning'oa jino," alisema kwa taabu. "Siku tatu nimelala hapa nalia, muulize mwenye nyumba. Yule bwana kaniondolea adhabu ya kaburi nikiwa hai. Nimlipe kwa kumuua?"

"Labda hukutaka apige picha za mikoko."

"Mie? Mie ndiye niliyeomba apige! Mwaka wa pili sasa nanyimwa kibali, naambiwa msitu umefungwa. Lakini majahazi ya watu yanatoka yamejaa. Nani anakata? Aende akaone!"

Mwenye nyumba alithibitisha yote, hata vilio.

Saa nane Sajenti aliwakusanya watu kituoni: daktari, Mrisho, Huseni, na Mfaume akiwa na pingu.

"Bwana misitu, lini mara ya mwisho umekwenda Delta?"

"Mwezi mzima sijakanyaga huko. Wiki hii nimelala nyumbani na homa."

Sajenti aliweka mezani jozi ya mabuti ya mpira. "Haya nimeyatoa kwenye gari lako, mbele ya mkuu wa kituo." Akabandua tope la kijivu kwenye kisigino, akalitia mdomoni.

"Sajenti," mkuu wa kituo alinong'ona, "unakula ushahidi."

"Umebaki mwingi, afande. Ni mbichi bado ndani, na una chumvi ileile. Mwenye mabuti haya alikuwa mikokoni jana. Bwana Huseni, ulikwenda kuhakikisha pengo la mikoko iliyokatwa halionekani. Ukaona haliwezi kufichika. Alfajiri, Mzee Mfaume anaposali, ukakiziba kibomba, na saa mbili ukaumwa tumbo. Mwenye bahati huwa hajui mapema kwamba ana bahati."

Huseni alimtazama daktari.

"Sikutaka ufe. Wallahi sikutaka. Ulisema mwenyewe siku ile, 'Sindano ikifa, siruki.' Nikajua ndege itagoma kuondoka. Siku mbili tatu za matengenezo, ningepata la kusema kuhusu vibali nilivyouza."

"Nilisema mimi siruki," Stephano alijibu taratibu. "Ni sharti langu. Ndege haijui sharti. Ikipata mwendo, inapaa. Na uliponiona nakwea, mbona hukunipungia mkono?"

Huseni alinyoosha mikono mbele. Pingu za Mfaume zilihamia mikononi mwake, na gari la Utete lilipofika saa tisa lilikuta mzigo mwingine.

Nje, Tatu alimshika Sajenti mikono yote miwili, akalia ndipo akacheka. "Mungu akupe uzazi mwepesi, mwanangu. Kesho nakuletea udongo wa kula, mzuri. Hilo tope la mikokoni acha!"

Mfaume alikuwa amekwenda moja kwa moja uwanjani, na daktari akamfuata. Ndege ilikuwa imevutwa na vijana kurudishwa mahali pake, pangaboi limepinda. Ingekaa hapo wiki nzima. Mzee alitoa kifuko cha turubai, akakifunga kwenye kibomba kama kila jioni.

"Nisamehe, daktari. Sitaacha lindo tena."

"Usiku huu nalala hapa mimi," Stephano alisema. "Wewe nenda kalale kwako. Na alfajiri nenda kasali na jamaa. Nitalinda mpaka urudi. Niombee na mimi, Mzee Mfaume, maana leo nina mengi ya kushukuru na peke yangu siyamalizi."

Mfaume alikaza tena fundo la kifuko.

"Haya," alisema. "Na wewe Jumapili ijayo nenda kanisani. Mbuzi nitawafunga mie."