Mchanga Hula Kilicho Laini

Pipa lile la kung'arishia mawe lilikuwa na sauti yake, na mke wa fundi friji aliijua kama alivyoijua mikoromo ya mumewe: gwaraa, gwaraa, kutwa kucha. Asubuhi hiyo yuko kwenye cherehani anapinda suruali ya mtu, pipa likacheka. Kicheko kimoja kifupi, cha kike, kisha likarudia gwaraa zake kama aliyefumaniwa.

Mume alipostaafu mafriji, wenzake walishika bao, wengine pombe. Yeye akashika mawe. Alichomoa mota kwenye mashine ya kufulia iliyokufa, akaifungia pipa la mpira, akawa anatia mawe, maji na mchanga mkali, linazunguka siku nenda siku rudi mpaka yatoke yanang'aa kama macho ya mlevi. Mkewe hakuwa na neno. Mume mwenye mawe ana nafuu kuliko mwenye simu mbili.

Neno lilikuja na jiwe la madini mawili, jeusi kwa jeupe, aliloliokota korongoni.

"Hili lina kazi," mume alimwambia. "Jiwe la namna moja huliwa sawasawa. Hili mchanga utakula kilicho laini kwanza, kigumu kibaki kimesimama."

"Kama ndugu zako kwenye urithi," mke akamjibu.

Basi kila kifuniko kilipofunguliwa, kigumu kilikuwa kimezidi kusimama. Kwanza likatoka paji la uso. Ikaja pua. Mwishowe midomo ya mwanamke, imefumbwa kama inayoficha pipi. Mume hakuliweka jiwe hilo sinia moja na mawe mengine. Alilala nalo chini ya mto. Alilifuta kwa kile kitambaa laini ambacho mkewe alimkatia cha kufutia miwani.

"Mimi hajanifuta hata jasho," mke alinung'unika, sindano iko mdomoni.

Kisha harufu. Mume alianza kunukia jiwe lililoloa, na chini yake mafuta ya nywele, yale yale aliyokuwa akipaka yeye alipokuwa bibi harusi. Malaya yule wa jiwe, hata mafuta ameniibia!

Wifi yake alikuja kuchukua gauni, akaliona jiwe, akashika kifua. "Wifi, mbona huyu ni wewe? Wewe mtupu, siku ya harusi yako!"

"Toka hapa na kejeli zako. Mimi nilikuwa na midomo ya kihuni hivyo?"

Hata hivyo neno lile lilimkaa rohoni, akaenda kwa mganga wa mtaa wa pili, mwanamke asiyepoteza maneno.

"Jini la jiwe halina sura, mwanangu," mganga alimnong'oneza, macho ameyaelekeza mlangoni. "Huazima. Zimeni mota, mlirudishe lilikookotwa. Na lisiguswe kwa hasira."

"Nilirudishe korongoni, mume wangu awe anamfuata huko? Bora nimsage."

Hakuuliza jini huazima kwa nani. Mwenye wivu haulizi. Majibu anayo tayari.

Siku ya pili jua la utosi, mume amejilaza, mke alilichomoa jiwe chini ya mto, akalitupa pipani, akalimwagia maji na mchanga mkali kuliko wote, ule wa chengachenga, akawasha mota. Akarudi kwenye cherehani. Pipa likaanza kulia, si kwa gwaraa, bali kwa sauti ya mwanamke anayebembeleza, sauti aliyoijua na asikumbuke ni ya nani, na kadiri lilivyolia ndivyo naye alivyokanyaga cherehani kwa nguvu kuifunika, na mashavu yakamwasha kama yaliyopigwa na upepo wa mchanga, akayafuta kwa kanga akidhani ni jasho, akafuta tena, na ile harufu ya mafuta ya nywele ikajaa chumba mpaka uzi ukateleza vidoleni, na yeye meno yameumana, anasema saga, saga, msage, mpaka mota ikajizima yenyewe.

Alifungua kifuniko. Tope la kijivu tu. Akapitisha mkono mpaka chini: hakuna jiwe, hakuna hata kokoto.

"Nimemmaliza!" akapiga vigelegele. "Mume wangu, njoo uone!"

Mume akatoka chumbani anapikicha macho. Akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Karibu, mama. Umefuata nguo? Subiri kidogo, mke wangu anakuja."

"Mzee, una wazimu? Mke wako ni nani?"

Chumbani kitanda kililia, mtu akainuka. Kikasikika kile kicheko kifupi, na baada yake sauti ya pipani, na sasa akaikumbuka. Ilikuwa yake mwenyewe, ya siku za harusi.

"Nani huyo, mume wangu?"

"Mteja," mume akajibu, akikaza macho. "Hata sura simwoni vizuri."

Mke akapeleka mkono kutafuta pua yake. Mkono ukateleza, kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni, kama juu ya yai.