Shimu ya Tatu

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya kwanza ya Sindano ilikuwa kufagia ua. Ulikuwa ua wa gereji, wenye mchanga mweusi uliolowa oili na vipande vya chuma vilivyoweza kumtoboa mtu kisigino. Alifagia huku amenuna. Jina la Sindano alipewa na wenzake shuleni kwa kuwa alikuwa mwembamba, na neno lake moja tu lilitosha kuchoma.

"Umeruka pale chini ya benchi," sauti ilitoka chini ya gari.

"Nimeona, fundi."

Mwenye sauti hiyo alikuwa mke wa baba yake, lakini Sindano hakumwita mama. Alimwita fundi, kama wateja walivyomwita, na neno lenyewe alilitamka kama mtu anayetema kokwa. Mama yake mzazi alikuwa mshonaji. Alipofariki, chumba chake cha kushonea kilikaa kimefungwa mwaka mzima. Kisha baba, ambaye alikuwa mwashi, akaoa tena, na chumba kile kikajaa beringi, mikanda na matairi makuukuu. Tangu hapo Sindano na fundi wakawa paka na panya. Baba alipojaribu kuwapatanisha, alijibiwa kwa ukali na wote wawili.

Fundi naye hakuwa mtu wa maneno matamu. Hakumbembeleza mteja, hakumbembeleza mume, sembuse mtoto wa mume.

Siku hiyo, katikati ya ua, juu ya magogo, ilikaa pikapu ya mzee mmoja mwenye tanuri la matofali. Lilikuwa gari kongwe kuliko baba, lenye taa za duara na mlango mmoja uliofungwa kwa waya. Lilipanda mlima na mzigo wake bila kulalamika, lakini kwenye barabara tambarare lilipiga kelele nyingi kuliko mwendo. Sasa lami ilikuwa imefika mpaka kwenye tanuri la matofali, na mzee alitaka gari lake likimbie. Dawa ilikuwa kubadilisha gia za difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma.

Kabla ya kufungua chochote, fundi alichora alama ya chaki kwenye tairi, na nyingine kwenye propela, ile fimbo nene inayopeleka nguvu ya injini nyuma.

"Njoo hapa. Mimi nazungusha magurudumu mzunguko mmoja. Wewe angalia propela inazunguka mara ngapi."

Sindano alipiga miayo makusudi. "Karibu mara tano."

"Basi injini inahangaika karibu mara tano ili gurudumu lizunguke mara moja. Ndiyo maana lina nguvu, na ndiyo maana halina mbio. Gia tunazotia leo zitashusha hesabu hiyo iwe chini ya mara nne. Umeelewa?"

"Mimi si mwanafunzi wako."

"Na miayo si jibu. Lete mafuta ya taa."

Gia hizo zilitolewa kwenye pikapu nyingine ya aina ile ile, iliyokufa zamani. Kubwa iliitwa krauni, duara pana la meno kama sinia. Ndogo iliitwa pinioni, na ndiyo iliyoizungusha ile kubwa. Nyuma ya pinioni viliwekwa visahani vya chuma vyembamba kama ukucha, ambavyo mafundi huviita shimu.

"Shimu ikizidi au ikipungua, meno yanagusana mahali pabaya," fundi alisema, kama anayejisemea mwenyewe.

Aliyapaka meno rangi ya njano, akazungusha, akatazama rangi ilipofutika. Akatikisa kichwa, akafungua, akabadilisha shimu, akafunga tena. Alirudia hivyo mpaka jua likawa utosini. Hatimaye alama ikaangukia katikati ya jino, na fundi akatabasamu. Sindano aliliona tabasamu lile. Hata siku moja mimi hajanichekea hivyo, aliwaza.

Fundi aliichomoa pinioni ili aivalishe sili mpya ya kuzuia oili. Shimu tatu akaziweka ndani ya kifuniko cha kopo, juu ya benchi. Mara mzee wa matofali akaita kutoka langoni kwa sauti ya kugomba, naye fundi akaenda kumsikiliza.

Sindano akabaki peke yake na kile kifuniko. Kazi hii ikiharibika, alifikiri, mzee atapiga kelele, wateja watahama, na mwanamke huyu atafungasha vyuma vyake arudi alikotoka. Akachukua shimu moja, akaisukuma ndani ya soksi.

Fundi aliporudi na mzee nyuma yake, alikitazama kifuniko, akakiinua, akatazama chini yake.

"Shimu moja iko wapi?"

"Sijui."

"Ziko mbili. Niliacha tatu."

"Labda hujui kuhesabu."

Fundi alimkazia macho. Halafu akapiga magoti, akaanza kuipapasa kwa kipande cha sumaku ile takataka iliyofagiwa. Alipekua chini ya benchi na ndani ya ndoo. Sindano alijifanya anasaidia.

"Mwanamke, umepoteza vyuma vyangu?" mzee alifoka.

"Kimoja kimepotea, na hakiuzwi madukani. Jumatatu nitakwenda kuchongesha kingine."

"Jumatatu! Matofali yangu yabebwe na nani, na mgongo wako?"

Mzee akaondoka kwa hasira. Alirudi na fundi wa gereji ya jirani, mtu aliyejulikana kwa jina la Chapuchapu, pamoja na vibarua wa tanuri wanaosafiri juu ya mzigo kila siku. Chapuchapu alizitazama gia bila hata kuinama.

"Shimu mbili, shimu tatu, kuna tofauti gani? Nafunga sasa hivi. Zitalia siku chache, halafu zitazoea."

"Meno ya chuma hayazoei," fundi alisema. "Yanasagana mpaka yanakatika. Kipande kikikwama mkiwa mnateremka na mzigo, magurudumu ya nyuma yatafunga hapo hapo."

"Huo ni wivu tu."

"Mimi sifungi. Kaifungie nje ya lango langu."

"Gari ni langu!" mzee alinguruma. "Toka njiani!"

Wanaume wakabeba gia na difu nzima wakazipeleka nje, wakarudi kulishusha gari magogoni na kulisukuma. Chapuchapu akakunjua turubai barabarani, akaanza kazi akipiga mluzi. Fundi alisimama langoni, mikono kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwa mara ya kwanza Sindano alimwona ameshindwa. Hilo ndilo alilolitaka tangu siku ya harusi, na sasa halikuwa na utamu wowote.

Kando ya gari, msichana mmoja kibarua, asiyemzidi Sindano kwa miaka mingi, alikuwa akimtania mwenzake. "Leo mimi nakaa juu kabisa, penye upepo. Tukiteremka usije ukanishika, mwoga wewe!"

Sindano aliwaza ule mteremko, na lile gari likiserereka na matofali na yule msichana juu yake. Alitamani ardhi impasukie. Chapuchapu alikwisha kuvalisha shimu ya pili, akanyoosha mkono kuchukua beringi.

"Acha!" Sindano alipiga kelele. "Usifunge! Ninayo mimi!"

Aliinama, akaitoa shimu ndani ya soksi mbele ya watu wote. Mluzi ukakatika.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," mzee alisema. "Mchapeni huyo!"

"Mzee," fundi alimkata, "mtoto ni wa nyumba hii. Hasara yako nitailipa mimi. Lakini hutamtukana wala hutamgusa. Rudisheni gari ndani."

"Sasa mimi nimeitiwa nini?" Chapuchapu alilalama, akikunja turubai lake.

Kazi ikaanza upya. Fundi alimtupia Sindano brashi, na Sindano akayapaka meno rangi. Fundi akazungusha. Alama ikaangukia katikati ya jino. Safari hii hakuna aliyetabasamu.

Jua lilipoanza kushuka, pikapu ilikuwa na oili mpya na magurudumu yake chini. Mzee aliiendesha mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Hakutoa shukrani.

"Linakimbia. Lakini kwenye kilima limekuwa zito."

"Nilikwambia mapema. Ukiongeza mbio, unapunguza nguvu. Mlimani anza na gia ya kwanza, na mzigo uupunguze."

Mzee alibana midomo, akaondoka. Vibarua wakadandia nyuma.

Baba aliporudi kutoka kazini, Sindano hakungoja ashtakiwe. Alimweleza yote, tangu kifuniko mpaka soksi. Sauti ya baba ilipanda, lakini fundi akainua kiganja.

"Niachie. Hili ni langu." Akamgeukia Sindano. "Unanichukia?"

Sindano akatazama chini.

"Jibu. Leo umeshasema kweli mara moja. Ya pili haitakuua."

"Ndiyo," Sindano alisema.

Baba alishtuka. Fundi aliitikia tu kwa kichwa.

"Mimi nimekuja na vyuma vyangu nikakaa alipokaa mama yako. Najua. Hata mimi kuna siku nakuona mwiba. Kupendana hakulazimishwi. Lakini ukinichukia, nichukie usoni. Usiifiche chuki yako ndani ya gari la watu. Yule msichana aliyetaka kukaa penye upepo amekukosea nini? Ukitega uongo ili kumkomoa mtu mmoja, hujui utamwangukia nani. Na ukishakosea, sema mapema, ukiwa bado unaweza kurekebisha. Aibu inapita. Mtu akifa hachongeshwi mwingine."

Machozi yalimtoka Sindano, akayafuta kwa mkono wenye rangi ya njano.

"Nisamehe, fundi."

"Nitakusamehe, lakini si leo. Leo bado nina hasira, na sitaki kukudanganya."

Sindano akaenda kuchukua ufagio. Katika maneno yote aliyowahi kuambiwa na mwanamke yule, hayo yalikuwa ya kwanza aliyoyaamini.