Uzi Uliokatwa kwa Meno

Ncha za uzi ndizo Inspekta alizoziona kwanza. Magodoro ya pamba yalikuwa yamelazwa kwenye sakafu ya karakana, yamepasuliwa matumbo, na katikati ya pamba vilichungulia vifurushi vya heroini. Koplo alikuwa anavipima. Inspekta, mwanamke wa maneno machache, alichuchumaa pembeni akitazama pale mishono ilipoishia.

Kwenye godoro moja uzi ulikatwa safi, kwa wembe. Kwenye mengine yote ncha zilikuwa zimetafunwa.

"Afande, watu wanatafuta unga, wewe unatafuta uzi," Koplo alimtania. "Mtu si tumeshampata?"

Kweli, wa kukiri alikuwa amepatikana. Mnunuzi wa magodoro alinaswa barabarani asubuhi hiyo, mbwa wa polisi aliponusa godoro alilobeba, akawaelekeza hapa. Walipobisha hodi, binti mshonaji, aliyelelewa na shangazi yake mwenye karakana, alinyoosha mikono ipigwe pingu kabla hajaulizwa.

"Yote ni yangu," alinong'ona.

Kituoni, Inspekta alivuta kiti karibu naye.

"Unajua umekubali nini?"

"Sijui sana."

"Ukisema ulikula njama ya mzigo wote, utahukumiwa kwa mzigo wote. Kwa uzito huu ni kifungo cha maisha. Godoro moja lingekuwa jambo jingine."

"Shangazi aliambiwa msichana hafungwi sana."

"Aliambiwa na nani?"

Ulimi wa binti ulikuwa umeshateleza.

Inspekta alitoa foronya iliyochanika, sindano na uzi. "Nishonee hapa."

Vidole vilitembea upesi. Alipofika nusu ya mpasuko, Inspekta akamwambia basi, inatosha. Binti akafunga fundo, akatazama huku na huku.

"Naomba wembe, afande."

"Meno huna?"

"Siwezi kukata kwa meno. Jino la mbele ni bovu."

Inspekta alichukua foronya, akaingia chumba cha pili. Shangazi, aliyeletwa naye kuhojiwa, alikuwa ameketi wima, kama mwenye nyumba aliyengojeshwa na mgeni.

"Mama, samahani. Nimalizie hapa palipobaki."

"Mtoto wangu yuko ndani, wewe unaniletea foronya?"

Lakini mkono wa fundi haukatai sindano. Alishona, akafunga fundo, akainamisha kichwa. Uzi ukakatika kwa jino.

Akaganda, ncha ingali mdomoni.

Inspekta alimfungulia mfuko wa ushahidi. "Tia humu. Ncha za magodoro yale zina mate. Maabara itapima vinasaba, itatuambia ni mate ya nani."

"Umenitega."

"Nimekuomba ushone tu. Nani alikuambia msichana hafungwi sana?"

Mabega ya shangazi yalishuka.

"Mteja, huyo mliyemkamata barabarani. Tangu magodoro ya sponji yaingie, nani analalia pamba? Marehemu mume wangu aliniachia karakana imejaa mafundi. Wakaondoka mmoja mmoja, nikabaki na mtoto wa kaka yangu. Halafu mtu yule akaja kuagiza. Ndiye mteja pekee niliyekuwa naye. Aliponieleza kitakachokaa ndani, nilikuwa nimeshaanza kuchambua pamba."

"Na binti?"

"Vidole vilinivimba. Godoro la mwisho alishona yeye."

"Aliona vifurushi?"

"Aliona. Akaniuliza. Nikamwambia, shona."

"Na tulipobisha hodi?"

"Nikamwambia wewe bado kijana, kifungo chako kitakwisha, mimi nitafia ndani." Alifuta midomo. "Hajawahi kunikatalia jambo."

Binti aliletwa. Koplo alishika kalamu ya kuandikia maelezo. Shangazi aliruka kutoka kwenye kiti, akamshika mikono.

"Mwanangu, waambie nimechanganyikiwa. Waambie ni yako yote, kama tulivyosema. Nimekulea mimi."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta akamwashiria asubiri.

Binti aliitazama foronya mezani, nusu mshono wake, nusu wa shangazi. Maisha yake yote alikuwa akijibu "ndiyo, shangazi" hata kabla swali halijaisha.

"Hapana, shangazi."

Mikono ya shangazi ililegea.

"Lile la mwisho nililishona mimi, na nilijua kilichomo. Nitafungwa kwa lile." Safari hii sauti yake ilisikika mpaka mlangoni. "Yale mengine ni yako."