Mfuko wa Kulia

"Nilisema kitambaa hiki nivae peke yangu! Peke yangu, mji mzima!"

Mama Parapanda alisimama kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, mikono kiunoni, gauni lake la maua ya rangi ya machungwa likiwaka kuliko taa. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na mumewe, mtu wa maneno machache, alikuwa anapanga sahani mezani.

"Naingia harusini, nakutana na nani? Mashoto, fundi kufuli! Tumevaa sare! Watu wananipa hongera, na mume wangu nimemshika mkono!"

"Si sare, jirani," Fundi Cherehani alijitetea mlangoni pake, futi ikining'inia shingoni. "Ni mfuko tu."

"Mfuko wenye maua yangu!"

Kweli, mfuko ulikuwepo. Siku Mashoto alipomfungulia kufuli la banda lake sokoni, watu wamewazunguka kama wanatazama mpira, Fundi aliona jambo moja: mwanamume yule alitumia mkono wa kushoto, na mashati ya dukani yote yana mfuko kushoto. Kila akitaka funguo zake ndogo, anajikunjakunja kama mtu anayewashwa. Basi akamshonea shati la peke yake, mfuko kulia. Kwa ule mfuko akatumia kipande kilichobaki kwenye gauni la Mama Parapanda, maana mabaki ni haki ya fundi.

Viatu vikasikika ngazini. Mashoto huyo, kavaa ovaroli, shati kalikunja kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana harusi wangu!"

Mashoto hakucheka. Alimgeukia Fundi. "Nimekurudishia shati."

"Linakubana?"

"Limenikaa mpaka nikajiona mtu. Kumbe ni makombo ya watu. Nikakupigia simu nikuulize, ukakata."

"Nilikuwa na pini mdomoni! Ulitaka nizimeze?"

"Ungeniambia tu kuwa mimi ni wa mabaki, mpenzi. Nisingejipaka mafuta mpaka viwikoni."

Fundi, aliyewavisha watu wa jengo zima kila mtu akajulikana kwa mbali, alijiona yuko uchi. Akimwacha ashuke ngazi zile, basi tena. Akashika kola ya gauni lake la kijivu, akaigeuza. Ndani, maua ya machungwa.

"Kipande kilikuwa kidogo," alisema, macho chini. "Nikakigawa. Nusu yako, nusu yangu. Yangu niliona haya kuiweka nje."

Mama Parapanda aliishika kola ile, akaitazama kwa karibu.

"Kumbe sare ni yenu! Na mimi nimebeba hongera za watu bure!"

"Utaturudishia?" Mashoto aliuliza.

"Chukueni, bado za moto!"

Mashoto alilivaa shati juu ya ovaroli, akatumbukiza funguo kwenye mfuko wa kulia bila hata kutazama.

"Hiyo kola, mpenzi, iache hivyohivyo. Nje."

"Watu wakituuliza?"

"Tutawatajia tarehe."

Mama Parapanda alipiga kigelegele mpaka milango ya juu ikafunguka. Ndipo mumewe akatoa kichwa, mwiko mkononi.

"Ingieni mle, chakula kinapoa," alisema. "Na wewe, bwana harusi, safari hii usikae karibu na mke wangu."