Pua ya Fundi Musyimi

Kila siku akitoka shule, Nthenya alipitia gereji ya baba yake hapo Malili, akatua mkoba juu ya tairi kuukuu na kuuliza, "Baba, leo tunanusa nini?"

Haukuwa mzaha. Fundi Musyimi alipougua Korona alipona kifua, lakini pua haikurudi. Chapati ikiungua, hajui. Petroli ikivuja, hajui. Binti yake wa miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa pua yake, na hakuna gari lililotoka pale kabla hajainama na kusema, "Sawa."

Ijumaa hiyo lilikuwapo gari la Tariq, kijana wa Mwingi aliyeshiriki mbio za magari.

"Fundi, nikilikanyaga nataka liruke!" alisema.

"Gari ni kama ng'ombe wa plau, bwana. Ukitaka livute zaidi, lilishe zaidi."

Basi Musyimi akaondoa pampu ya mafuta ya zamani, akatia kubwa. Akabadilisha na injekta, zile zinazonyunyiza petroli ndani ya injini. Sasa mafuta yangesukumwa kwa nguvu mno, na mpira wa kuyapitisha ulijificha chini kabisa, mahali jicho halifiki. Akafungua swichi bila kuwasha injini. Pampu ikavuma.

"Nthenya, njoo uninusie."

Barabarani, Wavinya na wenzake walikuwa wakimngoja waende mazoezi ya kwaya. "We, Nthenya Petroli!" Wavinya akaita. "Leo usisimame karibu nami. Jana ulinipigisha chafya hadi aleluya ya mwisho!"

Wakacheka. Nthenya alisogea hatua mbili kuelekea gari, akasimama. Hakuinama.

"Umenusa?"

"Hakuna harufu, Baba."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akanyakua mkoba, akakimbia.

Hawakufika mbali. Tariq aliwasha injini, fundi akiwa ameiinamia, kukasikika kishindo kizito, kisha sauti yake: "Mchanga! Leteni mchanga!" Nthenya alipogeuka, alimwona baba yake akikung'uta mikono kama mtu aliyetoka kunawa. Lakini mikononi hapakuwa na maji. Ulikuwa moto.

Hospitalini walimfunga bendeji hadi viwikoni. Kwa wiki tatu mama alimlisha kama mtoto. Watu wa kanisa walipokuja kumwombea, aliwaambia wote neno moja: "Gari lilikaguliwa, halikuvuja. Halafu likawaka. Fundi asiyejua kilichoharibika atashikaje gari la mtu tena? Spana zangu nauza."

Nthenya aliyasikia hayo kila siku. Siku mnunuzi aliposema angekuja kuzitazama spana, alienda akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, sikunusa."

Musyimi akamgeukia.

"Walinicheka. Sikuinama. Nilidanganya."

Machozi yalimtoka fundi, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Nthenya akayafuta kwa kiganja chake.

"Kumbe petroli ilikuwa inavuja tangu mwanzo," baba alisema hatimaye, polepole. "Basi klipu ya mpira sikuikaza vizuri. Hilo ni kosa langu, mwanangu, sikuachii wewe ulibebe. Mwambie mama yako amwambie yule mnunuzi asije. Sasa najua kilichoharibika. Nitakaa kwenye kigoda nimwelekeze Kiilu, yule kijana ninayemfundisha kazi, yeye ndiye atakayekaza."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Lakini daktari amesema vidole viwili havitakunjika tena, na vidole havisikii 'nisamehe'." Akaitazama mikono yake. "Nilikuuliza mara mbili. Ungesema 'sitaki', ningemwita mama yako. Ungesema 'bado', ningengoja. Mtu akikutegemea, mwambie ulichofanya, hata kama hujafanya kitu. Neno 'bado' halijawahi kumuunguza mtu."