Hedifoni ya Chuma

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, mwezi wa Julai 1975. Jua liliwaka, lakini upepo wa Uyole ulipenya hadi kwenye mifupa.

Ikupa alikuwa uani akimenya viazi. Mtoto wake, Lea, alilala mgongoni. Mumewe, Fanueli, alikaa barazani akisikiliza mpira. Redio ilipiga kelele mpaka kuku wakahama.

Ikupa aliinua macho. Baba mkwe wake, Mzee Yotamu, alikuwa amesimama mbele yake. Ikupa alitupa kisu, akajifunika kanga usoni, akakimbilia nyuma ya jiko.

Hawakuwa na ugomvi. Kwa mila yao ya Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Kila mzee alipotoka katika nyumba yake ndogo pale uani, alikohoa kwa nguvu ili Ikupa apate kujificha. Siku hiyo alikuwa amekohoa sana. Redio ilimeza kikohozi chote.

"Fanueli!" mzee alifoka. "Umeniaibisha mbele ya mke wako. Sanduku lako hilo linakohoa kuliko mimi!"

Jumatatu, Fanueli alikwenda sokoni akiwa na fedha za gunia moja la viazi. Muuzaji mmoja alikuwa na hedifoni mbili. Hedifoni ni vikombe viwili vya kusikilizia, vilivyounganishwa kwa ukanda unaovaliwa kichwani. Moja ilikuwa nyepesi, yenye mito laini. Nyingine ilikuwa ya chuma, nzito na ngumu. Bei zake zililingana.

Fanueli alikuwa mkulima. Alichagua hedifoni kama alivyozoea kuchagua jembe. Aliipima uzito mkononi, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake.

"Hii nyepesi ni ya kuchezea watoto," alisema. "Nipe chuma."

"Ivae kwanza, kaka. Uone kama inakufaa."

"Tangu lini jembe likajaribiwa kichwani?"

Watu walicheka. Fanueli naye alicheka, akalipa.

Nyumba ikatulia. Ikupa alisikia kila kikohozi cha mzee, akajificha kwa wakati. Lakini kila mpira ulipofika mapumziko, masikio ya Fanueli yalikuwa mekundu kama pilipili. Baada ya wiki chache yalitoka vidonda.

"Ivue, Baba Lea," Ikupa alimwambia. "Inakukamua kama chungwa."

"Kitu imara huuma mwanzoni. Viatu vipya haviumi?"

Fanueli alijaza pamba masikioni ili kupunguza maumivu. Pamba ikafifisha sauti, naye akaongeza sauti ya redio hadi mwisho. Kisha akaanza kujifungia chumbani kwa komeo, mtu asimsumbue.

Jumamosi moja ya Agosti, Ikupa alikuwa jikoni. Alisikia kishindo katika nyumba ya mzee, kisha sauti.

"Fanueli! Fanueli, mwanangu! Moto!"

Ikupa alikimbilia mlango wa chumbani, akaugonga kwa ngumi mbili.

"Baba Lea! Tata, baba yako, anaungua! Fungua!"

Kutoka ndani alimsikia mumewe akishangilia. "Piga! Piga sasa, unangoja nini?"

Aligonga tena mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Majirani walikuwa mashambani. Mzee aliita tena, na safari hii sauti ilikuwa ndogo. Mila ilimwambia Ikupa asimame. Miguu yake haikusimama.

Mlangoni mwa mzee alijifunika uso, lakini kwa moshi ule hakuona kitu. Akaifunua kanga. Mzee Yotamu alikuwa ameanguka kando ya meko kwa kizunguzungu, na mguu wake mmoja ulikuwa motoni.

"Toka!" mzee alilia. "Usinione! Mwite mwanangu!"

"Nimemwita, Tata. Hasikii."

Alimshika makwapani, akamburuta hadi nje. Akaumwagia mguu maji baridi, ndoo baada ya ndoo, bila kupaka mafuta wala matope. Mzee alifumba macho muda wote. Machozi yalimtoka, na Ikupa hakujua kama ni ya maumivu au ya aibu.

Fanueli alitoka mpira ulipokwisha. Alikuwa akitabasamu. Tabasamu lilimfia mdomoni.

Mzee alimtazama. "Nilikuita wewe," alisema. "Amekuja nani?"

Lori la viazi lilimpeleka mzee hospitali. Vidole vitatu vya mguu vilikatwa.

Jioni ya kesho yake alikuja jirani yao, Tusekile. Alifanya kazi ya kuunganisha simu mjini Mbeya, na alivaa hedifoni kutwa. Aliiinua ile ya chuma, akaitua mara moja.

"Hii umeivaaje, shemeji? Hata mtego wa panya una huruma."

Fanueli hakucheka. "Niliona ni imara."

"Jembe linashikwa kwa mikono yenye sugu. Masikio hayana sugu. Hedifoni huchaguliwa kwa kuvaliwa. Ivae palepale dukani, muda wa kunywa kikombe cha chai. Inama, geuza shingo. Ikibana, iache. Ikiteleza, iache. Tafuta yenye mito laini na ukanda unaorefushwa na kufupishwa."

"Hiyo si ya matajiri?" Fanueli aliuliza.

"Ya bei ya kati inatosha. Ghali mno unalipia urembo. Rahisi mno unalipia vidonda. Na nasikia ya kwako uliinunua kwa bei ileile ya ile laini, au sivyo?"

Fanueli aliinamisha kichwa.

"Sauti je?" Ikupa aliuliza.

"Mtu akisimama karibu na kuzungumza kawaida, umsikie. Usipomsikia, punguza. Mapumziko yakifika, ivue, masikio yapumue. Kama nyumbani kuna mzee au mtoto, acha sikio moja wazi. Pamba usijaze. Maumivu ni onyo, shemeji, na wewe uliliziba onyo mdomo."

"Ungeniambia mapema," Fanueli alisema kwa sauti ya chini.

"Mkeo alikwambia," Tusekile alijibu.

Vidonda vya masikio vilipopona, Fanueli alikwenda mjini na Tusekile. Alijaribu hedifoni nne. Alinunua ya tano, nyepesi na laini, ya bei ya kati. Aling'oa komeo la chumbani. Mwezi wa Oktoba, mpira ukiwa umepamba moto, Lea alijikwaa karibu na sufuria ya maji ya moto. Fanueli ndiye aliyefika wa kwanza, akamnyakua.

"Nimemsikia!" alimwambia mkewe.

"Ndiyo," Ikupa alisema. "Sasa unasikia."

Wakati huo nyumba ndogo ya mzee ilikuwa tupu. Mzee Yotamu alikataa kurudi mahali ambapo mkamwana alimwona na kumshika. Alitoka hospitali akaenda Tukuyu kwa mwanawe mwingine, Liberatus. Shangazi za Fanueli walimlaumu Ikupa kwa kuvunja mila, wala hakuna hata mmoja aliyemshukuru. Tusekile alirudi kwenye simu zake. Fanueli alikwenda Tukuyu mara mbili kuomba radhi, na mara zote mbili baba yake alimpa kiti, akampa chai, akanyamaza. Ikupa alibaki Uyole, akavuna viazi, akapeleka gunia moja kwa mkwe wake kwa mkono wa mtu mwingine.