Moto Ulikuwa wa Kijani

Asubuhi ambayo kaka yangu hakuamka, mume wangu alikuwa uani akibandua lebo za mitungi kwenye beseni langu la kufulia.

Nilitoka mbio chumba cha uani alikokuwa analala kaka. Miguu peku.

"Mume wangu! Kaka hapumui! Amekuwa wa baridi!"

Hakuinua hata kichwa. Alikuwa anakwangua mtungi kwa wembe, taratibu, kama mtu anayemenya embe.

"Pole," akasema. "Subiri ninawe mikono."

Subiri ninawe mikono!

Nikatazama beseni. Juu ya povu ilikuwa inaelea lebo moja, imegeuka uso juu, na nikaisoma nikiwa nimesimama pale pale...

ONYO. INA KEMIKALI INAYOHARIBU TABAKA LA OZONI NA KUDHURU AFYA YA WATU. USITUMIE KARIBU NA MOTO.

Mume wangu akaikunjakunja mkononi na kuitia mfukoni, ikiwa bado inachuruzika maji.

Wapendwa, naandika haya ili nisisahau. Watu wameanza kunishauri nisahau, na mimi sitaki.

Mume wangu alikuwa na duka la gesi za friji. Chumba kimoja, feni mbovu na kiti cha kuzunguka. Lakini ukimwita muuza duka ananuna siku nzima. Alitaka aitwe Mkurugenzi. Mkurugenzi wa nani? Wa mitungi na mende!

Kaka yangu alikuwa fundi wa friji na vyumba vya baridi. Mafundi wenzake walimpachika jina, Mzee wa Lebo. Kabla hajawasha tochi yake ya kuchomelea alikuwa anaugeuza mtungi na kusoma lebo yote kwa sauti, kama anasoma taarifa ya habari. Akikuta neno ONYO, moto hauwashwi ndani. Milango inafunguliwa, gesi inatolewa kwanza, watu wote nje. Hata mwenye mali apige kelele vipi.

"Shemeji, unasomea nani?" mume wangu alikuwa anamtania. "Mtungi una masikio?"

"Mimi ndiye mwenye masikio, shemeji."

"Na hiyo ozoni yenyewe iko wapi?"

"Juu huko. Inatukinga na jua kali."

"Imewahi kuja dukani kwangu kununua mtungi?"

Anacheka peke yake mpaka anakohoa. Alikuwa mtu wa kucheka vichekesho vyake mwenyewe.

Sheria inataka kila chenye gesi za zamani, zile zinazoharibu ozoni, kibandikwe onyo mahali panapoonekana. Wateja wakiona onyo hawanunui, wanataka gesi mpya. Basi Mkurugenzi wangu akapata shehena ya mitungi ya zamani ambayo kila mwenye akili alikuwa ameikataa. Akabandua maonyo. Akachapisha stika zake zenye picha ya jani, SALAMA KWA MAZINGIRA, SALAMA KWA MATUMIZI YA NDANI. Hata jani lenyewe alilibandika kichwa chini!

Hayo yote nimeyajua baadaye. Jioni ya kuamkia asubuhi ile mimi nilijua tu kwamba kaka amerudi kutoka chumba cha baridi cha duka la samaki, anakohoa.

Alikaa mezani, akasukuma sahani.

"Dada, leo nimeona ajabu. Moto wangu umegeuka wa kijani. Kijani kabisa!"

Mume wangu akaacha kutafuna.

Hilo nalikumbuka vizuri. Aliacha kutafuna.

"Gesi gani?" akauliza.

"Hii yako mpya, shemeji. Nimeisoma lebo, salama ndani. Nikafunga mlango ili baridi isitoke, nikawasha. Sasa kifua kinabana."

"Aah, hilo ni bomba la shaba. Shaba ikiungua inatoa kijani. Kunywa maziwa ulale."

"Twende hospitali," nikasema.

"Kwa kikohozi? Mwanaume mzima! Mnamdekeza huyu."

Kaka akacheka kidogo. Akanywa maziwa. Akalala.

Hakuamka.

Kwenye msiba, mume wangu ndiye aliyelia kuliko sisi wote. Alilia kwa zamu, wakija wageni wenye magari analia, wakija waliotembea kwa miguu anapumzika. Halafu nikaanza kusikia maneno yanatembea kutoka kiti hadi kiti...

"Kumbe alikuwa mlevi."

"Ndiyo, aliingia kazini amelewa, akasahau kufungua mlango."

"Nani kasema?"

"Shemeji yake. Yeye alikuwa anaishi naye, atakosa kujua?"

Kaka yangu! Ambaye hata soda alikuwa anakunywa nusu!

Mama aliyasikia. Aliinamisha kichwa, na tangu siku hiyo akawa anatembea hivyo hivyo, macho chini, kama mtu aliyedondosha sindano.

Nikamkabili mume wangu chumbani.

"Umembandikia kaka yangu ulevi kama unavyobandika stika zako."

"Angalia mdomo wako."

"Niliiona ile lebo."

"Lebo ipi? Ionyeshe." Akatabasamu. "Unayo?"

Sikuwa nayo. Alikuwa ameshazichoma zote, na mitungi yote ilikuwa na jani.

"Nani atamwamini mwanamke aliyechanganyikiwa na msiba?" akasema. "Kalale."

Sikugombana. Nilimwendea fundi aliyekuwa anafanya kazi na kaka, tunamwita Spana. Nikamweleza kila kitu, na ule moto wa kijani.

Spana akakaa chini kwenye saruji.

"Dada, shaba peke yake haifanyi hivyo kwa gesi mpya. Kijani ni gesi ya zamani hiyo. Ikikutana na moto ndani ya chumba kilichofungwa inazaa sumu. Mtu anatoka mzima, kifua kinajaa maji baadaye. Muuza gesi yeyote anajua."

Kwa hiyo alijua. Pale mezani, na chakula mdomoni, alijua.

"Tutamfanyaje?" Spana akauliza.

"Wewe una tochi," nikamwambia. "Njoo unitengenezee friji."

Familia ilikaa kikao sebuleni kwetu. Mume wangu alikuwa amekiitisha mwenyewe, anataka wajomba waseme mbele ya mwenye duka la samaki kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake na duka la gesi halihusiki. Mvua ilikuwa inapiga bati, madirisha yamefungwa. Amevaa suti. Suti, kwenye sebule yake!

Spana akaingia na tochi na mtungi wenye stika ya jani.

"Samahanini wazee. Dada anasema friji linavuja. Nachomelea mara moja."

Mkurugenzi akakaa wima.

"Hapa ndani? Peleka nje."

"Mvua hiyo, bosi. Halafu si gesi yako mwenyewe? Salama kwa matumizi ya ndani. Tena jani limekaa kichwa chini, ni lako kabisa."

"Nimesema nje!"

"Mwache mtoto wa watu afanye kazi, mkwe," mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu mazishi.

Spana akawasha tochi. Akafungua mtungi. Pssss...

Akausogeza moto.

Ndugu zangu, sijawahi kuona suti ikiruka vile! Alimkanyaga mjomba, akaangusha meza, akampiga kikumbo mama yangu mlangoni. Mama yangu mzazi! Hakumshika mtu mkono. Hakuniangalia hata mimi mke wake. Alitoka na kiatu kimoja, na kelele zake zikasikika mpaka kwa majirani.

"Zima! Zima! Mtakufa wote! Hiyo ni ya zamani, ikishika moto ni sumu!"

Mvua tu.

Sisi wote tulikuwa tumekaa. Yeye amesimama uani, maji yanamtiririka, karibu na lile beseni langu.

Mjomba akajishika mguu uliokanyagwa.

"Mkwe, gesi salama inatuuaje?"

Akajifuta maji ya mvua usoni.

Spana akazima tochi, akaugonga mtungi kwa kidole.

"Hewa tupu, wazee. Nimeijaza kwa pampu ya baiskeli. Moto haukubadilika hata rangi."

Mwenye duka la samaki akatoa simu yake, akawapigia watu wa mazingira na polisi pale pale.

Mama akasimama mlangoni. Kichwa juu.

"Mwanangu alipokwambia moto umekuwa wa kijani," akamuuliza, "ulijua?"

Akatazama kiatu chake kimoja.

"Nakuuliza wewe, Mkurugenzi. Ulijua, ukampa maziwa?"

Mpaka leo hajamjibu.

Unayesoma, siku fundi akija kwako na mtungi, mwambie akusomee lebo. Akisema haina maana, au ni usumbufu wa wanaojifanya wasomi, mtoe nyumbani na mtungi wake. Onyo liliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hatakuwa na mwingine wa kumwonya. Anayelibandua anajua anachofanya, msidanganywe na machozi yake msibani.

Duka la gesi limefungwa, mitungi imechukuliwa. Yeye yuko mahabusu akisubiri kesi, na ametuma ujumbe kwamba kuna baridi, nimpelekee blanketi. Sijapeleka. Mimi nimehamia kwa mama.

Tochi ya kaka nilimpa Spana. Juzi alikuwa kwenye chumba cha baridi cha duka la samaki. Kabla ya kuwasha, aliugeuza mtungi akasoma lebo yote kwa sauti.